Pembe ya Mtupo: Ilimu ya Kikapu kwa Vijana wa Handeni na Korogwe

Katika viwanja vya shule za Handeni na Korogwe, kuanzia Mkata na Kabuku hata Mombo, nguzo ya mpira wa pete ni kitu cha kawaida kuliko goli la kikapu lililotimia ubao na ringi yake, na kwa sababu hiyo mwalimu wa michezo anayeandaa vijana kwa mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ambamo mpira wa kikapu una nafasi yake, huweza kudhani kwamba kijana asiye na uwanja kamili hana budi kubaki nyuma katika fani ya kutupa. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Fizikia inatuonyesha kwamba kasoro kubwa ya mtupaji mchanga haitokani na ubao uliokosekana, bali na pembe ambayo mpira wake huondoka nayo mkononi. Na pembe hiyo nguzo ya pete huisahihisha kwa ukali zaidi kuliko goli la kikapu lenyewe.

Tuanze na vipimo. Ringi ya kikapu iko mita 3.05 juu ya ardhi, kimo kilichorithiwa kutoka baraza ya juu ya jumba la mazoezi la Springfield, nchini Marekani, ambapo mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya mapichi mnamo Desemba 1891 (pichi ni tunda lile lile ambalo Lushoto hutuletea huku bondeni). Kipenyo cha ringi ni sentimita 45, na mpira wa wanaume, ule wa namba 7, una kipenyo cha sentimita 24 na kidogo. Asikiaye hesabu hiyo huona nafasi ni tele. Lakini mpira hauji wima kutoka juu, huja kwa mshazari, na kadiri njia yake inavyolala ndivyo mlango wa ringi unavyozidi kuwa mwembamba mbele yake. Ukishuka kwa nyuzi 45, mlango uliobaki ni wa sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, mlango ni wa sentimita 22 na nusu, na hapo mpira hauwezi kupita pasipo kugonga chuma.

Sasa tumchukue kijana wa miaka 13 au 14, ambaye mpira humtoka mkononi ukiwa mita 1.8 juu ya ardhi, naye amesimama kwenye mstari wa mtupo huru, mita 4.6 kutoka uso wa ubao. Akitupa kwa nyuzi 48, kwa kudhani kwamba njia fupi ndiyo nyepesi, atahitaji kasi ya mita 7.54 kwa sekunde, na mpira utaifikia ringi kwa nyuzi 27 tu, yaani utakuwa umekwisha kukosa tangu ulipoacha vidole, ila ubao au bahati iingilie kati. Akitupa kwa nyuzi 57, kasi inayotakiwa ni mita 7.49, na mpira utashuka kwa nyuzi 43 na nusu, ukute mlango wa sentimita 31. Namwomba msomaji azitazame tarakimu hizo mara ya pili, ambazo nimezikokotoa bila ya upinzani wa hewa kwa kuwa ni mdogo katika masafa hayo: mtupo wa juu, ule unaoonekana kuwa wa taabu, unadai nguvu pungufu kuliko mtupo wa chini usio na tumaini. Kijana anayevurumisha mpira kwa ulalo ili kuokoa nguvu zake hupoteza nguvu na kikapu pamoja.

Mrefu ana msamaha wake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya Marekani, na klabu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, mikono yake huanzia karibu na kimo cha ringi, na pembe ya chini kidogo humtosha. Wataalamu Larry Silverberg na Chau Tran wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, waliochunguza mitupo huru kwa kompyuta wakimkadiria mtupaji anayeachia mpira kwenye kimo cha mita 2.1 hivi, walipata kwamba pembe bora ni nyuzi 52, mpira ukijizungusha kinyumenyume mara tatu kwa sekunde. Aliye mfupi kuliko huyo hana budi kutupa juu zaidi, kama hesabu yetu ilivyoonyesha.

Hapa ndipo nguzo ya pete inapoingia. Kimo chake ni kile kile cha mita 3.05, lakini kipenyo cha ringi yake ni sentimita 38 tu, na haina ubao wa kuusamehe mpira uliopotoka. Mpira wake wa namba 5, wenye kipenyo cha sentimita 22 hivi, hauwezi kupita kwa usafi ukishuka chini ya nyuzi 35 au 36, ilhali ringi ya kikapu huukubali mpira wake kuanzia nyuzi 32 au 33. Msichana aliyezoea kufunga magoli ya pete, basi, amekwisha kujifunza upinde ambao kaka yake bado anautafuta. Najua wavulana wetu huona haya kusimama chini ya nguzo hiyo. Haya hiyo haina faida yoyote, na mwalimu mwenye busara ataivunja mapema. Na katika nchi hii ya mkonge, ambamo kamba ya katani haikosekani, mwalimu aweza pia kufunga kamba baina ya nguzo mbili ndefu, mita 3.5 juu ya ardhi na mita 2.6 mbele ya mtupaji, kisha amwamuru kijana apitishe mpira juu yake: ule wa nyuzi 57 utavuka salama, na ule wa nyuzi 48 utaigusa au kupita chini yake.

Lakini pembe haishiki palipokosekana nguvu, na nguvu ya mtupo chimbuko lake ni miguu. Magoti hukunjwa kidogo, nyayo huisukuma ardhi, msukumo hupanda kwa mapaja na nyonga na kiwiliwili hata bega, kisha kiwiko kilichokaa chini ya mpira hunyooka, na kifundo cha mkono hukamilisha kazi kwa kujikunja mbele, ndipo mpira huzunguka kinyumenyume na kupunguza kasi yake ya mbele pindi ugusapo chuma au ubao. Mkono wa pili ni wa kushikilia tu. Kidole gumba chake kikisukuma, mpira hupinda. Kijana dhaifu, akishindwa kuunganisha msukumo wa miguu na wa mkono kwa wakati mmoja, huushusha mpira hata kiunoni ili apate mahali pa kuanzia, kosa ambalo hata Stephen Curry, bingwa wa vikapu vya pointi tatu katika NBA, alikuwa nalo alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Baba yake, Dell, aliyekuwa mchezaji wa ligi hiyo hiyo, alimtaka auinue mkono wake juu ya kichwa, na Curry mwenyewe amesimulia kwamba majira yale ya kiangazi yalikuwa machungu, kwani kwa muda hakuweza kutupa kutoka mbali hata kidogo. Mzazi anayemwona mwanawe akikosa zaidi baada ya kusahihishwa, asiharakishe kumlaumu mwalimu.

Maneno ya mwalimu nayo yana athari katika misuli. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Gabriele Wulf na wenzake ulionyesha kwamba watupaji walioambiwa waifikirie ringi walifunga vizuri kuliko walioambiwa wafikirie mwendo wa kifundo cha mkono, na misuli yao ya mkono ilifanya kazi kwa utulivu zaidi. Mtafiti Joan Vickers alikwisha kuonyesha mwaka 1996 kwamba mabingwa wa mtupo huru huikazia macho shabaha yao kwa utulivu na kwa muda mrefu kuliko wenzao, kabla mkono haujaanza kazi. Kwa hiyo neno moja la kumwelekeza macho linafaa kuliko amri kumi juu ya kiwiko.

Mazoezi ya mahali pamoja pia yana kikomo. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka minane vifuko vya kurusha: kundi moja likafanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu, jingine kwa futi 2 na futi 4, na walipopimwa wote kwa futi 3, kundi la pili lilishinda, ingawa umbali huo halikuujaribu kabla. Kijana na abadilishe mahali, asogee mbele, nyuma na kando.

Mwili unaokua una hali yake. Katika balehe mifupa hurefuka haraka, na ubongo uliokwisha kuzoea mkono wa mwaka jana hujikuta na mkono mwingine. Mtupo huharibika kwa muda pasipo kosa la mtu. Maumivu chini ya pia ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi, huwapata sana vijana warukao, na dawa ya kwanza ni kupumzika na kupunguza kuruka. Lakini kijana anayechechemea, au ambaye goti limevimba, au anayeamshwa na maumivu usiku, apelekwe hospitali bila ya kungoja mashindano yaishe.

Ombi langu kwa walimu ni hili: mtoto wa shule ya msingi asipewe mpira wa namba 7, apewe namba 5; palipo na uwezo, ringi yake ishushwe hadi mita 2.6, kama kanuni za kikapu cha watoto zinavyoruhusu, na mstari usogezwe mbele. Pasipo na uwezo huo, nguzo ya pete ipo, na mazoezi yaweza kuanza leo jioni.