Daktari Kijana na Sikio la Mtoto

Mwezi huu tunazungumzia mafunzo ambayo wengi wetu hatuyafikirii mpaka sikio la mtoto lianze kutoa usaha. Ni jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa magonjwa ya masikio, pua na koo.

Hapa Tanzania mwanafunzi wa udaktari husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi. Ndivyo ilivyo Muhimbili, na ndivyo ilivyo Bugando, Mwanza, kwenye chuo cha Kanisa kilichoanza mwaka 2003. Katika muda wote huo, masikio, pua na koo hupewa wiki chache tu, huku yule kijana atakapopangiwa hospitali ya wilaya atakutana na magonjwa haya karibu kila siku. Kumpata bingwa si rahisi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 78 zina daktari bingwa wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo wiki zile chache ndizo zinazotutibu sisi.

Jambo la kwanza ni kutazama. Inaonekana rahisi, lakini sivyo. Njia ya sikio imepinda, na ukichungulia hivi hivi huoni kitu. Mwanafunzi hufundishwa kulivuta sikio la mtu mzima kuelekea juu na nyuma, na la mtoto mchanga kuelekea chini na nyuma, ndipo aingize kifaa chenye taa. Mkono ulioshika kifaa hutulizwa kwenye shavu la mtoto, ili akigutuka vyote viende pamoja asiumie. Mwisho wa njia hiyo kuna kiwambo, ngozi nyembamba yenye rangi ya lulu. Kikiwa chekundu na kimetuna, ni maambukizi mapya. Kikiwa na tundu na usaha unatoka kwa zaidi ya wiki mbili, ugonjwa umekuwa sugu. Haya hayajifunzwi kwa picha za kitabuni peke yake. Yataka masikio mengi ya watu halisi, mazima na mabovu.

Kisha kuna kile chuma chenye meno mawili mfano wa uma. Hugongwa kikalia, kikawekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu mbele ya tundu la sikio. Sikio zima husikia vizuri zaidi kinapokuwa mbele. Mgonjwa akisema kimesikika zaidi kwenye mfupa, huenda njia imeziba kwa nta au maji, au kiwambo kimetoboka. Mjerumani Heinrich Adolf Rinne alieleza kipimo hiki mwaka 1855, na hadi leo hakihitaji umeme.

Wanakwaya watafurahi kusikia kwamba aliyefungua njia ya kutazama zoloto, mahali sauti inapotokea, alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti.

Kwa maoni yetu, somo kubwa kuliko yote ni la usaha wa sikio, kwa kuwa tumeuzoea mno. Tunasema mtoto ataukua. Kumbe usaha unaodumu hula usikivu polepole, mtoto akaanza kuitwa mkaidi darasani kumbe hasikii. Mwanafunzi hufundishwa kulikausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi kinachonyonya, mara tatu kwa siku, na baada ya kulikausha kutia dawa ya matone inayofaa. Mama naye huelekezwa ili aendelee nyumbani. Mafuta ya taa, maji ya majani na njiti ya kiberiti havimo katika mafunzo hayo. Nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, ni hospitali siku hiyo hiyo, kwani maambukizi yameingia mfupani na yaweza kufika kwenye ubongo.

Hufundishwa pia mambo ya dharura. Damu ya pua: mgonjwa akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia. Kuinua kichwa juu humfanya ameze damu. Punje ya haragwe sikioni isitiwe maji, itavimba. Betri ndogo ya saa ndani ya pua au sikio huunguza nyama kwa saa chache tu, isingoje kesho.

Basi mkifika hospitali na daktari akaja na wanafunzi wawili watatu, akaomba nao watazame sikio la mtoto, mna haki ya kukataa. Sisi tunawasihi mkubali, mradi mtoto hasumbuliwi mno. Mpakateni, mkono mmoja ushike kichwa chake kifuani kwenu na mwingine uzuie mikono yake.