Kabla ya Kumnunulia Mtoto Kichezeo: Mambo Ambayo Kila Mzazi Anafaa Kujua

Likizo ya Desemba inabisha hodi. Kama ilivyo ada, meza za wachuuzi kwenye steji na katika masoko yetu zimeanza kujaa magari ya plastiki, wanasesere, simu zinazoimba na bunduki zinazomulika taa. Kwa shilingi mia moja au chini ya hapo, mzazi hurudi nyumbani na zawadi ya kumfurahisha mtoto.

Hata hivyo, kila msimu kama huu wazazi huuliza maswali mawili. La kwanza: nitajuaje kama kitu hiki ni salama? La pili: kikigunduliwa kuwa hatari baada ya mimi kukinunua, nani ataniambia?

Mwandishi wa makala haya ni mzazi pia. Mwaka jana nilimnunulia binti yangu simu ya kuchezea inayoimba. Siku ya tatu ikanyamaza. Nilipoigeuza, kifuniko cha nyuma kilikuwa kimefunguka na betri mbili tu kati ya tatu ndizo zilizokuwa ndani. Tulipekua chini ya kochi, tukakung'uta mkeka na kupapasa nguo za mtoto. Tuliipata ndani ya kiatu baada ya dakika ishirini hivi. Sikujua wakati huo kwamba, kama angekuwa ameimeza, kila dakika ingekuwa na maana. Leo najua, na ndiyo sababu ya makala haya.

Hatari ziko wapi?

Betri ndogo za duara, zile zinazofanana na sarafu au kitufe cha shati, ndizo za kuogopwa zaidi. Mtoto akimeza moja nayo ikakwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, mate huikamilishia mzunguko wa umeme. Kemikali kali hujitengeneza papo hapo na kuanza kuunguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili tu, hata kama betri ilikuwa imeisha nguvu kiasi cha kutoweza kuwasha kichezeo.

Hatari ya pili ni sumaku ndogo zenye nguvu. Sumaku moja inaweza kupita tumboni bila shida. Zikiwa mbili au zaidi, huvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo, zikaubana katikati na hatimaye kuutoboa. Dalili za mwanzo ni maumivu ya tumbo na kutapika, na ni rahisi kudhani mtoto amekula kitu kibaya.

Ya tatu ni vipande vidogo: macho ya mwanasesere, magurudumu ya gari, vifuniko na shanga. Baluni, hasa iliyopasuka, ni hatari kwa namna yake kwa sababu mpira wake hunata kooni na kuziba pumzi kabisa. Zipo pia shanga za rangirangi zinazofura zikitiwa maji. Zikimezwa, zinaweza kuendelea kufura ndani ya utumbo na kuuziba.

Hatari ya nne haionekani kwa macho: madini ya risasi katika rangi na katika baadhi ya plastiki na vipuli. Mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya risasi ambayo mtu mzima angefyonza kutoka chanzo hicho hicho. Risasi huathiri ukuaji wa ubongo, na madhara yake hayaondoki.

Bidhaa huondolewa vipi sokoni?

Mtengenezaji au mamlaka ya serikali ikigundua kasoro, hutolewa tangazo la kuondoa bidhaa sokoni. Tangazo hutaja jina la bidhaa, modeli, tarehe ya kutengenezwa na nambari ya bechi. Wauzaji huagizwa kuitoa kwenye rafu, na waliokwisha kuinunua huambiwa waache kuitumia na wairudishe.

Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 2007, wakati kampuni ya Mattel ya Marekani iliporejesha mamilioni ya vichezeo katika nchi nyingi, baadhi kwa sababu ya rangi yenye risasi na vingine kwa sababu ya sumaku zilizoweza kung'oka. Miaka miwili baadaye ilitozwa faini ya dola milioni 2.3 nchini humo kwa sababu ya rangi hiyo.

Hapa kwetu, Wakenya wanakumbuka Novemba 2019, chapa tano za unga wa mahindi zilipopigwa marufuku kwa kuwa na sumukuvu kupita kiasi. Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iondolewe madukani, baada ya mamlaka ya dawa ya Nigeria kuripoti kuipata na kemikali yenye sumu. Tangazo halikuhusu kila chupa ya dawa hiyo, bali bechi moja. Mzazi aliyekuwa ametupa pakiti na chupa yenye maandishi hangeweza kujua kama yake ilikuwemo.

Pia tangazo peke yake haliingii nyumbani kwa mtu na kuchukua bidhaa. Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price ilirejesha vitanda takriban milioni 4.7 vya watoto wachanga vilivyoitwa Rock 'n Play, baada ya vifo vya zaidi ya watoto 30. Mnamo Januari 2023 tangazo lilirudiwa, kwa kuwa watoto wasiopungua wanane walikuwa wameripotiwa kufa baada ya lile la kwanza. Vitanda hivyo vilikuwa vimebaki majumbani.

Somo hili linatuhusu moja kwa moja. Vichezeo vingi katika masoko yetu huuzwa kwa rejareja bila pakiti, bila jina la mtengenezaji na bila nambari yoyote. Vingine ni vya mitumba, na kichezeo kilichokatazwa ng'ambo kinaweza kuishia kwenye marobota kama kitu kingine chochote. Hakuna tangazo litakalomfikia mnunuzi wa namna hiyo. Kwa hivyo ukaguzi wa kwanza ni wako, pale mezani kwa mchuuzi.

Nani ana jukumu gani?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kufidiwa akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inafafanua haki hizo.

Kuweka viwango na kupima bidhaa ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Bidhaa zinazotengenezwa nchini zinafaa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, na zile zinazotoka nje ziwe na stika ya ISM. Bidhaa ghushi hushughulikiwa na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi (ACA).

Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, husimamia masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Kaunti haina mamlaka ya kutangaza kwamba kichezeo fulani kimepigwa marufuku kote nchini. Inachoweza kufanya ni kupokea malalamishi yako, kuyafikisha kwa KEBS, na kusaidia kupasha wafanyabiashara na wananchi habari agizo linapotolewa.

Unaponunua

Angalia umri ulioandikwa. Ukiona mchoro wa duara lenye uso wa mtoto na 0-3 lililokatwa kwa mstari, kichezeo hicho si cha mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Onyo hilo halihusu werevu wa mtoto wako. Linahusu ukubwa wa koo lake.

Chukua kiini cha karatasi ya choo. Kitu chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo.

Hakikisha mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu. Kama panafunguka kwa ukucha, mtoto pia atapafungua.

Vuta macho, vifungo na magurudumu. Kwaruza rangi kidogo kwa kidole. Ikibanduka, kirudishe mezani.

Kama kuna alama ya ubora, ithibitishe: andika SM#, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, na utume ujumbe mfupi kwa 20023. Ujumbe wa majibu utakuonyesha kama kibali hicho ni cha bidhaa unayoishika.

Hifadhi pakiti na risiti. Ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe wa malipo. Unaweza kukusaidia kuonyesha ulinunua lini na kwa nani.

Mtoto akiumia

Ukishuku amemeza betri au sumaku, usisubiri dalili. Usimtapishe. Mpeleke mara moja katika hospitali yenye eksirei, na ubebe kichezeo au betri iliyobaki ili daktari aione. Ikiwa ni betri, mtoto amepita umri wa mwaka mmoja na kuna asali nyumbani, wataalamu wa sumu hushauri apewe vijiko vidogo viwili kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kama hakuna asali, msipoteze muda kuitafuta.

Mtoto akisakamwa lakini bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kupumua au kulia, mwinamishe na umpige mara tano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kama hakijatoka, mtoto wa chini ya mwaka mmoja mlaze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Aliyepita mwaka mmoja, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano. Rudia huku mwenzako akitafuta usaidizi. Usitie kidole kooni usipokiona kitu chenyewe, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Jinsi ya kulalamika

Usitupe kichezeo chenye kasoro. Kipige picha, andika mahali na tarehe uliyokinunua, kisha upige simu kwa KEBS bila malipo kupitia nambari 1545, au ufike katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe. Msimamizi wa wadi pia anaweza kukuelekeza. Hata kama hutarudishiwa pesa zako, habari yako inaweza kumwokoa mtoto wa jirani.

Kwa wafanyabiashara wetu: makala haya hayalengi kumharibia mtu riziki. Wengi wenu ni wazazi pia, na mnanunua mzigo kwa muuzaji wa jumla bila kuambiwa ulikotoka. Mdai risiti na jina la mwagizaji. Mkiona betri zinachomoka ovyo, msiuze, kwa sababu sheria inapofuata bidhaa mbovu humkuta kwanza yule aliyeiweka mezani.

Wazazi, hamna haja ya kungoja Desemba. Leo jioni, watoto wakishalala, mwageni kapu la vichezeo sakafuni. Geuzeni kila kimoja, mkaze skrubu, na mtoe vilivyovunjika. Betri kuukuu zifungeni kwa selotepu pande zote mbili, mziweke mahali pa juu hadi mtakapozitupa.