Sumu Isiyopotea: Kinachomwagwa Majini Hurudi Mezani

Miongoni mwa mambo tunayoyachukulia wepesi ni taka tunazozimwaga tukiamini kwamba zimekwenda zake. Mtu humwaga kitu mtoni, maji yakakichukua, naye akageuka akidhani jambo limekwisha. Ukweli ni kwamba zipo sumu ambazo hazifi wala hazioshwi. Husafiri, hujificha na kujilimbikiza, kisha humrudia mwanadamu kwa njia asiyoitazamia. Mojawapo ni zebaki, na kisa chake mashuhuri kilitokea Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani.

Mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso katika mji huo kilianza kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi kwa kutumia zebaki. Majitaka yake yalimiminwa katika ghuba waliyovua wenyeji, nayo yalibeba zebaki ya aina kali kupita nyingine, iitwayo methili zebaki. Kwa miaka mingi macho hayakuona kitu: bahari ni ileile, na samaki ni walewale. Hatimaye paka wa wavuvi wakaanza kurukaruka kama wenye kucheza ngoma, kisha wakafa. Mwezi wa Mei 1956, Dakta Hajime Hosokawa wa hospitali ya kiwanda hichohicho alitoa taarifa kwa wakuu wa afya kwamba watu wamepatwa na maradhi yasiyojulikana ya ubongo. Mikono ilitetemeka, ulimi ulikuwa mzito, macho yalififia, na wengine walifariki dunia.

Huenda msomaji akauliza: vipi sumu iliyomwagwa katika maji mengi kiasi kile ikaweza kumfikia mtu na kumuangamiza? Jibu ni kwamba haikubaki majini. Vijiumbe vidogo mno vielea majini huinyonya. Samaki mdogo hula vijiumbe hivyo kwa maelfu, na kwa kuwa mwili hauitoi methili zebaki kwa wepesi, sehemu kubwa hubaki katika nyama yake. Samaki mkubwa naye hula wadogo wengi, akarithi akiba ya wote. Hivyo kila ngazi huzidi iliyo chini yake, hata samaki mkubwa akawa na sumu iliyozidi ile ya majini mara milioni au zaidi. Mwishoni mwa ngazi hiyo ndipo alipokaa mwanadamu na sahani yake. Haba na haba hujaza kibaba, na sumu nayo hujaza hivyohivyo. Tena kuchemsha, kukaanga au kutia ndimu hakuiondoi, kwani imeshikamana na nyama yenyewe.

Lililo zito zaidi ni habari ya watoto. Wapo kina mama wa Minamata walioonekana wazima, au wenye dalili hafifu tu, wakajifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa mwili na akili. Watu walidhani kondo la nyuma humkinga mtoto na kila sumu. Kumbe methili zebaki hulipenya, nao ubongo wa kiumbe kinachoumbwa ndio unaodhurika zaidi. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kama kumbukumbu. Dakta Masazumi Harada alivikusanya vipande hivyo, na vilipopimwa vikaonekana vina zebaki. Sisi huuliza kitovu cha mtu kimezikwa wapi ili tujue asili yake. Vitovu vile navyo vilieleza asili ya msiba.

Je, waliohusika walifanya nini? Mwaka 1958 kiwanda kiliyahamishia majitaka kwenye mlango wa mto, na maradhi yakavifikia vijiji vingine. Mwaka 1959 Dakta Hosokawa alimlisha paka majitaka ya kiwanda, naye akaugua maradhi yaleyale, lakini matokeo hayo yakafichwa. Umwagaji haukukoma hadi mwaka 1968, miaka 12 baada ya taarifa ile ya kwanza. Huku ni kuvunja amana, maana aliyefaidika ni mmoja na aliyelipa ni mwingine, ambaye hata kuzaliwa alikuwa bado.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Japani peke yake. Mwaka 2013 mataifa yaliafikiana Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, nao ukaanza kutumika mwaka 2017. Katika hewa ya dunia, chanzo kikubwa cha zebaki itokanayo na kazi za binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, kazi inayowalisha watu wengi hapa Tanzania, kama vile Geita na Chunya. Zebaki huchanganywa na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha bonge lake huchomwa motoni. Mvuke huvutwa na mchomaji na waliomzunguka, na unaosalia hupeperuka ukashuka na mvua. Inayobaki katika marudio huoshwa na kuingia mitoni. Huko topeni bakteria huigeuza kuwa methili zebaki, na ngazi tuliyoieleza ikaanza upya.

Basi yapo yanayotuhusu. Anayechoma dhahabu asiichomee jikoni wala karibu na watoto na wajawazito, na atumie chombo cha kunasa mvuke. Kina mama na mabinti wajiepushe na krimu za kung'arisha ngozi zisizojulikana, kwani baadhi yake zina zebaki. Samaki tusimwache, ni chakula chenye manufaa, ila mjamzito na anayenyonyesha wapendelee dagaa na samaki wadogo kuliko papa na nduwaro, ambao hukaa juu ya ngazi ile. Na wenye viwanda na migodi wafahamu kwamba kuuhamisha uchafu hadi kwa jirani si kuuondoa. Dhima ya aliyeumwaga inabaki shingoni mwake, hata kama mto umekwisha kuuchukua.