Jeraha la mume halitibiwi kwa kumpiga mke

 

Ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumzia jambo linalofichwa nyuma ya milango ya nyumba zetu. Nalo ni mwanamume aliyeumia moyoni, asimwambie mtu, kisha maumivu yake yakawashukia mke na watoto. Tutalitazama kwa kuziangalia Karatu na Ngorongoro, ingawa msomaji wa Tanga, Kigoma au Unguja hatakosa kuiona humo nyumba anayoijua.

Mizigo ya Karatu na Ngorongoro

Karatu ni mji ulio njiani kuelekea lango la Ngorongoro, na riziki za wengi hapo zimefungamana na watalii: dereva, mwongoza wageni, mpishi wa kambi na muuza mboga kwa mahoteli. Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, wageni wa kimataifa waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na baba aliyerudi nyumbani mikono mitupu, akaona haya hata kumtazama mkewe usoni.

Bondeni Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mkulima wa vitunguu hulima kwa mkopo, na bei ikianguka wakati wa mavuno hubakiwa na deni. Kwa upande wa wafugaji, ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi mno katika wilaya za Ngorongoro, Longido na Monduli. Mfugaji anapofiwa na ng'ombe wake hapotezi mali peke yake, bali huona hata heshima yake mbele ya rika imekwenda. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimeondoka hifadhini Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Mtu na awe na rai yoyote juu ya uhamaji huo, kuyaacha makaburi ya wazee na malisho aliyokulia ni jambo zito kifuani.

Tusisahau pia tarehe 6 Mei 2017, pale basi dogo lililowabeba wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu, wakafariki zaidi ya watu 30, wengi wao watoto. Wakazi waliteremka korongoni kuwatoa watoto wale kwa mikono yao. Je, ni nani aliyewauliza baadaye wanalalaje usiku?

Wataalamu wa afya ya akili huliita jeraha la namna hii kiwewe. Mwenye kiwewe aghalabu hukosa usingizi, hushtuka kwa jambo dogo, hujitenga na watu, na hasira yake huwaka ghafla. Wengine hukimbilia ulevi, ambao Mwenyezi Mungu ameuharamisha, nao huongeza kuni kwenye moto.

Jeraha si ruhusa

Hapa tunapenda tueleweke vizuri, maana wapo watakaosema: "Kumbe hata sheikh amekubali kuwa tunapiga kwa sababu ya shida." La hasha! Jeraha linaeleza hasira inatoka wapi. Halimhalalishii mtu kunyanyua mkono.

Na hoja yetu ni Mtume (SAW) mwenyewe. Yeye alizaliwa yatima wa baba, akafiwa na mama akiwa na umri wa miaka sita, na babu yake akiwa na minane. Alimzika Bibi Khadija (RA), na aliwazika watoto wake wote isipokuwa Bibi Fatma (RA). Kule Taif alipigwa mawe hadi akatoka damu. Ni nani miongoni mwetu aliyebeba zaidi ya hayo? Pamoja na yote hayo, Bibi Aisha (RA) amesimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba Mtume hakumpiga kamwe mwanamke wala mtumishi.

Wapo wanaoikimbilia aya ya 34 ya Suratun Nisaa. Hao tunawakumbusha kwamba mwenye kuteremshiwa aya hiyo ndiye ambaye hakupata kumpiga mkewe, na kwamba Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka katika zama za Tabiina, alikuwa na rai kuwa mume asimpige mkewe bali aonyeshe kukasirika kwake tu. Amma anayempiga mkewe kwa sababu bei ya vitunguu imeanguka, huyo hana aya wala Hadithi ya kushika. Na sheria ya nchi haimpi nafasi pia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama ipo mila inayoruhusu.

Takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa mwaka 2015/16 wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupatwa na ukatili wa kimwili tangu walipofikia miaka 15. Mwaka 2022 walikuwa 27. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa nafuu hiyo, lakini 27 ni binti zetu na dada zetu.

Mwanamume aseme na nani?

Imam Muslim amepokea kisa cha swahaba Handhala (RA), mmoja wa waandishi wa Mtume. Alikutana na Abubakar (RA), akaulizwa hali yake. Handhala hakujibu "salama" kama tunavyojibu sisi njiani. Alisema kwamba anahofia amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume moyo wake huwa hivi, na akirudi kwa mke, watoto na mashamba huwa vingine. Abubakar hakumcheka wala kumwambia ajikaze kiume. Alikiri kuwa hata yeye yanamkuta, wakafuatana hadi kwa Mtume, naye akawatuliza. Tazameni: mmoja alisema kweli, wa pili akasikiliza, kisha wote wawili wakaenda kwa mwenye elimu.

Wanavyuoni wetu walilifahamu jambo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akazichambua hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kama maradhi yenye tiba. Basi asiambiwe mtu kwamba kutafuta tiba ya moyo ni upungufu wa imani.

Na mfano wa karibu uko kwa jirani zetu wasemao Kiswahili, mashariki ya Kongo. Baada ya utafiti uliofanyika Goma mwaka 2012, viliundwa huko vikundi viitwavyo Living Peace, ambamo wanaume walioumizwa na vita hukaa pamoja wiki baada ya wiki, wakasimulia waliyoyaona na kujifunza kuitambua hasira kabla haijawatawala, na wake zao wakashirikishwa. Ikiwa waliozungukwa na mizinga wameweza kukaa hivyo, sisi wenye misikiti iliyo salama tuna udhuru gani?

La kufanya

Kwanza ni usalama. Mke anayepigwa asirudishwe nyumbani kwa neno la subira tu. Apelekwe kwa jamaa waaminifu, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto anayeteswa, ipo simu namba 116. Uponyaji wa mume usisubiriwe kwa gharama ya mbavu za mke.

Pili, wazee wanaosuluhisha ndoa wamuulize mume: Unalala? Umepatwa na nini? Unadaiwa na nani? Na msikiti uwe na kikao cha wanaume baada ya Isha, hata mara moja kwa wiki, chenye sharti moja: yanayosemwa humo yasitoke nje, isipokuwa mtu akitishia kumdhuru mwingine.

Tatu, mwenye kuhisi hasira afuate mafundisho ya Mtume: akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale. Atoke nje, atawadhe. Adumu na dua ya kujikinga na hamu na huzuni aliyoikithirisha Mtume. Na usingizi ukimkimbia kwa majuma, aende hospitali akaeleze kama anavyoeleza homa, kwani Mtume ametuamrisha kutafuta tiba.

Nabii Yaaqub (AS) alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumhesabia aibu. Basi mwanamume na alie, aseme, atibiwe. Mkono wake ubakie wa kulisha na kulinda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aziponye nyoyo za waume zetu, awahifadhi wake na watoto wetu, na azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.