RAKETI YA NANI? Istilahi za Kutambulisha Raketi na Viatu vya Tenisi vya Zamani

Mfasiri anayepewa orodha ya mnada, au maelezo ya vitu vya makumbusho ya michezo, aghalabu huiona kazi hiyo kuwa nyepesi. Raketi ni raketi, kiatu ni kiatu, na majina ya wachezaji hayafasiriwi. Lakini akishaandika maneno matatu tu, "raketi ya Kramer", tayari amekwisha kuingia matatani. Raketi iliyoshikwa na bingwa katika fainali, na raketi iliyonunuliwa dukani ikiwa imechapwa jina la bingwa huyo, ni vitu viwili vilivyo mbalimbali sana kwa bei na mbalimbali zaidi kwa ushahidi wa historia. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, vyote viwili ni "raketi ya Kramer". Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vifaa hivi vinavyotambuliwa, na kupendekeza maneno yatakayomsaidia mfasiri, mwalimu wa michezo na ofisa wa forodha asije akasema jambo ambalo hakulikusudia.

Tuanze na huyo Kramer. Jack Kramer, Mmarekani, alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1946 na 1947, na ubingwa wa Wimbledon mwaka 1947. Mwishoni mwa mwaka huo akaingia katika mchezo wa kulipwa. Baada ya hapo kampuni ya Wilson ikatoa raketi ya mbao yenye jina lake na sahihi yake, nayo ikaendelea kuuzwa kwa miaka zaidi ya thelathini, hata mwenyewe alipokuwa amekwisha kuacha mashindano. John McEnroe, aliyezaliwa mwaka 1959, yaani miaka kumi na miwili baada ya ushindi wa Kramer pale Wimbledon, alianza mashindano makubwa akiwa na raketi ya Wilson yenye jina la Kramer. Basi raketi hiyo moja ni ya Wilson kwa kutengenezwa, ya Kramer kwa jina, na ya McEnroe kwa mkono.

Mfano wa pili unaongeza maana ya nne. Mwaka 1967 Wilson walianza kuuza raketi ya feleji iliyoitwa T2000. Aliyeibuni ni René Lacoste, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 1925 na 1928. Mwaka huohuo wa 1967 Billie Jean King alishinda ubingwa wa Marekani kwa raketi ya feleji. Lakini watu wengi waionapo leo husema, "Hii ni raketi ya Connors", kwa sababu Jimmy Connors aliing'ang'ania kwa miaka mingi baada ya wenzake kuiacha, na kwa hiyo alishinda Wimbledon mwaka 1974. Jina la Connors halimo katika T2000, wala jina la King. Msomaji akiambiwa "raketi ya Lacoste", haelewi kama ni ile aliyoibuni au ni ile ya mbao aliyoshinda nayo katika miaka ya 1920.

Sababu ya utata huu imo katika sarufi yetu. Kile kiungo "-a" kinachopatana na ngeli ya nomino hubeba mahusiano mengi: umiliki (nyumba ya Juma), asili (samaki wa Mafia), kazi (kisu cha mkate), ubunifu (utenzi wa mtu fulani), na jina la heshima (barabara ya fulani, ambaye huenda hakupata hata kuikanyaga). Huu ni utajiri, si upungufu. Katika mazungumzo, muktadha huondoa utata bila ya mtu kujua kwamba ulikuwapo. Lakini kibandiko cha makumbusho hakina muktadha. Kina maneno sita au saba tu, na mtu aliyeyaandika hayupo kuulizwa.

Hatuna haja ya kubuni maneno mapya ili kuliondoa tatizo hili, kwa kuwa lugha inayo zana zake. Twapendekeza namna tatu za kusema, na kila moja itumike mahali pake bila kubadilishana. Ya kwanza ni "raketi yenye jina la Kramer": hapa hatudai zaidi ya yale yanayosomeka juu ya kifaa. Ya pili ni "raketi ya aina aliyotumia McEnroe": hapa twadai kwamba mchezaji huyo alitumia muundo huo, si kifaa hiki. Ya tatu ni "raketi hii aliitumia Connors", pamoja na kutaja mashindano na mwaka: hapa twadai juu ya kifaa chenyewe, na anayedai hana budi kuwa na ushahidi. Msomaji ataona kwamba katika namna ya tatu tumetia kiambishi cha mtendwa, "-i-", ndani ya kitenzi. Kiambishi hicho huelekeza kidole kwenye kitu mahususi, na wafasiri wengi hukidondosha kwa kudhani kwamba ni cha ziada tu. Kuna waliopendekeza kitenzi "-chezea", nacho ni kizuri. Ila "kuchezea raketi" huweza pia kumaanisha kuifanyia utani, kama mtoto achezeavyo moto. "Kutumia" ni salama zaidi.

Ushahidi wenyewe ni upi? Hapa ndipo majina ya sehemu za raketi yanapohitajika, maana asiyeweza kuitaja sehemu hawezi kuilinganisha na picha. "Kichwa" ni ile duara yenye nyuzi. Penye kuungana kichwa na mpini twapaita "koo". "Mpini" unajulikana kwa mkulima na mpishi, na hauna sababu ya kubadilika ufikapo uwanjani. Ngozi inayouzunguka ni "ngozi ya mpini", na ncha yake ya chini ni "kitako", kama vile kitako cha bunduki. Kwa umbo zima linaloshika nyuzi, "kiunzi" chatosha, ingawa wengine wamezoea "fremu". Nyuzi za asili zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Huziita "nyuzi za utumbo". Neno "upote", yaani kamba ya upinde, lilipata kutajwa kuwa lafaa, lakini upote ni mmoja na nyuzi za raketi ni nyingi zilizosukwa. Tuliache kwa wawindaji.

Raketi ya mbao hutambulikana kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja, ambazo huonekana ukitazama ubavu wa kiunzi. Nyuzi zake hupita moja kwa moja katika matundu ya mbao. Kiunzi cha grafiti huwa na vijimirija vya plastiki katika matundu hayo ili uzi usikatike. T2000 haina matundu ya namna hiyo hata kidogo: nyuzi zake hushikwa na waya uliozungushwa kwenye kiunzi cha feleji, na kwa alama hiyo moja hata mtu asiyejua tenisi ataitambua katika picha iliyofifia. Ukubwa wa kichwa nao ni ushahidi wa tarehe. Raketi za mbao zilikuwa na kichwa kidogo, cha sentimeta za mraba 450 hivi au pungufu. Howard Head alipata hataza ya kichwa kikubwa mwaka 1976, na raketi yake ya Prince ilifikia kama sentimeta za mraba 710. Mwaka 1978 Pam Shriver, msichana wa miaka 16, alifika fainali ya mashindano ya Marekani akiwa nayo. Basi picha yenye kichwa kikubwa namna hiyo haiwezi kuwa ya mwaka 1970, hata kama maelezo yake yanasema hivyo.

Vivyo hivyo, mabadiliko ya mchezaji mmoja huweza kuipa picha tarehe. McEnroe akiwa na Wilson ya mbao ni McEnroe wa mwanzo, pamoja na yule aliyeshinda mashindano ya Marekani mwaka 1979. Akiwa na Dunlop Maxply ya mbao, ndiye aliyeshinda Wimbledon mwaka 1981. Akiwa na Dunlop Max 200G ya grafiti, tumekwisha kufika mwaka 1983 na kuendelea. Mwaka huohuo wa 1983 Yannick Noah, Mfaransa ambaye baba yake alitoka Kameruni, alishinda mashindano ya Ufaransa kwa raketi ya mbao, naye ndiye mwanamume wa mwisho kutwaa mojawapo ya mashindano manne makuu kwa mbao.

Iko mitego. Rod Laver, Mwaustralia aliyeshinda mashindano yote manne makuu mwaka 1962 na tena mwaka 1969, alijulikana sana kwa Dunlop Maxply ya mbao. Hata hivyo, kampuni ya Chemold huko Marekani iliuza raketi za alumini zenye jina lake. Mwenye kupata raketi hiyo ya alumini asikimbilie kusema amepata "raketi ya Laver" ya ushindi ule. Björn Borg naye alitumia Donnay huko Ulaya na kwa kipindi fulani Bancroft huko Marekani. Kwa hiyo picha mbili za mwaka mmoja zenye raketi mbili tofauti zaweza kuwa za kweli zote mbili. Ngozi ya mpini wa Borg ilipanda juu kuliko kawaida, kwa sababu alipiga kwa mikono miwili upande wa kushoto, na nyuzi zake zilikazwa mno, kiasi cha kilo 36. Raketi ya Donnay yenye jina lake iliyokutwa dukani haikukazwa hivyo.

Mtego mkubwa zaidi ni wa nyakati za karibu. Kampuni hutoa muundo mpya na kumtangaza bingwa kuwa anautumia. Bingwa, ambaye mkono wake umezoea kiunzi cha zamani, hubaki nacho, nacho hupakwa rangi za muundo mpya. Wataalamu wa Kizungu huliita jambo hili kwa neno linalohusu rangi tu. Twaona Kiswahili chaweza kufanya vizuri zaidi kwa kusema "raketi iliyovikwa", kwa sababu kinachofanyika ni kuvika vazi, na mwili ndani ni uleule. Raketi ya namna hii haitambuliwi kwa jina lililoandikwa juu yake. Hutambuliwa kwa umbo la koo, mpangilio wa nyuzi, na alama zilizo chini ya kitako. Pete Sampras alishinda mashindano makuu 14, la mwisho likiwa la mwaka 2002, kwa Wilson Pro Staff yenye kichwa kidogo cha sentimeta za mraba 550 hivi. Na viunzi vinavyotafutwa kwa hamu na wakusanyaji ni vile vilivyotengenezwa katika kisiwa cha St. Vincent, huko Karibi.

Viatu hatutavisema kwa urefu, ingawa ndivyo vilivyo karibu zaidi na wasomaji wetu, kwa kuwa hufika katika masoko ya mitumba kila wiki. Mfano wake ni mmoja na unatosha. Katikati ya miaka ya 1960 Adidas walitoa kiatu cheupe cha ngozi chenye jina la Robert Haillet, mchezaji wa Ufaransa. Baadaye wakapatana na Stan Smith, Mmarekani aliyeshinda Wimbledon mwaka 1972. Kwa muda fulani kiatu kilikuwa na picha ya Smith juu ya ulimi na bado kina jina la Haillet. Mwaka 1978 kikawa cha Stan Smith kwa jina. Uuzaji wake ulisimamishwa karibu na mwaka 2012, ukaanza tena mwaka 2014. Kwa hiyo "kiatu cha Stan Smith" chaweza kuwa cha miaka arobaini iliyopita au cha mwaka jana, na mamilioni wamekivaa bila kujua kwamba Smith ni mtu. Kilichotolewa upya kiitwe "kiatu cha toleo la marudio".

Hapo linazuka suala la umri. "Kuukuu" ni kilichochakaa, hata kama kilinunuliwa mwaka juzi. "Cha mtumba" hueleza njia kilimopitia, si umri wake. "Cha kale" huelekea mbali mno, kwenye magofu ya Kilwa. Kwa kifaa cha zamani chenye thamani kwa sababu ya zamani zake, "-kongwe" ndilo neno. Wapo watakaocheka kusikia "kiatu kikongwe" na kukiona kimeshika mkongojo. Lakini twasema "chama kikongwe" na "klabu kongwe" bila ya mtu kucheka. Tahadhari nyingine ni juu ya "mchezaji wa kulipwa". Kabla ya mwaka 1968 wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa katika mashindano makuu, na walioshindana humo walikuwa wa ridhaa. Laver wa mwaka 1962 alikuwa wa ridhaa. Wa mwaka 1969, wa kulipwa. Mfasiri asiwaite wote "wa kulipwa" kwa sababu tu walikuwa hodari.

Kwa mujibu wa mapendekezo haya, kibandiko cha raketi ambayo haina ushahidi wowote zaidi ya maandishi yake kingesomeka hivi: "Raketi kongwe ya mbao, yenye jina na sahihi ya Jack Kramer. Imetengenezwa na Wilson, Marekani. Ngozi ya mpini imebadilishwa. Nyuzi si za asili. Aliyeitumia hajulikani."