Kurejea, Kurudia na Kurudiana: Juu ya Kufasiri Mapenzi ya Kauboi

Katika riwaya za mapenzi za Marekani limo kundi moja lijulikanalo kwa mtindo wake: kauboi aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi hurudi baada ya miaka mingi, aghalabu baba akiwa mgonjwa au amekwisha zikwa, akamkuta pale pale mwanamke aliyemwacha. Wataalamu wengi hawavisomi vitabu hivi, wala siwalaumu sana, kwani vingi hufanana kama ng'ombe wenye chapa moja. Hata hivyo, mwenye kuvifasiri kwa Kiswahili atakutana na masuala ya lugha yanayostahili kuangaliwa.

Jina lenyewe halina shida kubwa. "Mchungaji" litampeleka msomaji kanisani, na "mchunga ng'ombe" humwonyesha mtoto mwenye fimbo. Yafaa basi kuliacha "kauboi", ambalo sinema zimekwisha lizoeza. Yatupasa kukumbuka tu kwamba kauboi wa kwanza walikuwa vibarua, na miongoni mwao walikuwamo Weusi na Wameksiko wengi. Tangu 1867 walikuwa wakiswaga makundi ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli huko Abilene, Kansas. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge yake, na mbuga zilizokuwa wazi zikazidi kukatwakatwa. Kauboi wa riwaya za mapenzi ni wa baada ya seng'enge: ana ranchi, ana mpaka, na ana urithi wa kugombania na nduguze.

Ugumu huanza pale mapenzi yanapofufuka. Kitenzi "rudi" ni cha hatari, kwani kikipewa yambwa huwa ni kuadhibu au kukanya. Mfasiri aandikaye kwamba kauboi "alimrudi" mpenzi wake amekwisha mtia fimbo mkononi. "Alimrudia" ni afadhali, lakini mtendaji ni mwanamume peke yake. "Alimrejea" huzidisha jambo hilo, maana katika talaka rejea mume aweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, pasipo ndoa mpya, na kwa mujibu wa wanazuoni ridhaa ya mke si sharti. Msomaji wa pwani hawezi kulisoma neno hili katika habari za mke na mume bila kusikia mwangwi wa sheria hiyo.

Ilhali kiini cha riwaya hizi ni kwamba ridhaa ya mwanamke ndiyo sharti kuu. Mwanamume hurudi katika sura ya kwanza. Kurudiana huja katika sura ya mwisho, na kitabu kizima kimo baina ya vitenzi hivyo viwili. Kiambishi "-an-" huwafanya wote wawili kuwa watendaji. Mwanamke humpima mwanamume kwa kazi yake, kwa ulevi wake alioacha au asioacha, na kwa jinsi anavyomtendea mtoto ambaye, mara nyingi mno kwa maoni yangu, hutokea kuwa ni wake.

Kwa upande wa jamaa, Kiswahili kina hazina: udugu hukatwa, na udugu huungwa. Hapa mfasiri hushawishika kumtia baba "radhi" kinywani. Naona asifanye hivyo. Radhi ya mzazi kwetu huandamana na hofu ya laana, nayo haimo katika ranchi za Texas. Baba na mwana wa huko huunga udugu kwa kuvuta seng'enge pamoja, mmoja akishika nguzo na mwingine akigonga misumari, wakizungumza habari za mvua. Katika sinema ya Howard Hawks iitwayo Red River, ya mwaka 1948, Dunson aliapa kumwua Matt, kijana aliyemlea mwenyewe. Walipigana hadi mwanamke alipowaachanisha. Kisha Dunson akachora chini chapa ya ng'ombe wake na kuitia herufi ya jina la Matt.