Taa ya kupigia picha: tuangalie nini kabla ya kununua?

Pesa ya likelemba isipotee bure. Mama anayepiga picha za ubatizo na ndoa hahitaji taa kubwa ya studio. Taa ndogo ya LED yenye batri inatosha: umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Kwenye katoni tafuta alama ya CRI, kipimo cha ukweli wa rangi. Mwisho wake ni 100. Chagua 95 au zaidi, ngozi yetu itoke na rangi yake. Iwashe palepale dukani, upige picha ya mkono wako.

Nyumbani, kitambaa cheupe mbele ya taa kinalainisha kivuli. Isogeze karibu: umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unabaki robo. Mteja asipojitambua kwenye picha, hatarudi.